Kampuni Iliyouliza Uzito

Mwezi uliopita nilikwenda Thornton Heath kwenye hitma ya Bwana Seif, na nasema wazi kuwa nilifuata biriani. Kulia sikulia. Ukumbi wenyewe ulikuwa juu ya duka la nywele za bandia, viti vya kukunja, mabusati ya kukodi, na mvua inapiga madirisha kama nayo haijapata sahani. Akasimama mtu mmoja mwenye tai akamsifu marehemu: alikuwa mkarimu, alikuwa na subira, alikuwa hakati shauri mpaka alipime mara saba. Mimi nilikuwa upande wa wanawake nyuma ya pazia, kinywa kimejaa wali, nusura nipaliwe. Jirani yangu akanipiga mgongoni, "Pole bibi, msiba ni mzito." Nikamwacha aamini hivyo. Mungu amrehemu Seif, na najua maiti hasemwi, lakini nimeshazeeka, magoti yamekwisha, na kunyamaza kule kwa ujana sikuwezi tena. Kupima mara saba! Mimi nilimwona akipima. Nilikuwa pale pale, nimeshika sinia.

Nilifikaje London siwaelezi. Ni habari ndefu, imejaa watu wabaya, na mzuri wao mmoja amekufa. Itoshe kujua kwamba mwaka huo wa kupima nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimesoma mpaka darasa la nne kwetu Pemba, na nilikuwa mpishi wa Bwana Seif katika fleti ya ghorofa ya tatu nyuma ya Edgware Road. Mpishi, mfuaji, mpiga pasi, mpokea simu, wote mimi. Mkewe alikaa Maskati na kuja London joto la kule likizidi, kama ndege. Sebuleni palikuwa na zulia jeupe ambalo nusu ya ujana wangu ulikwenda nikilisugua, na meza ya kioo ambayo ukiigusa kwa kidole inakusengenya mpaka jioni. Baina ya jiko na chumba cha kulia palikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani. Fundi aliyekitoboa kidirisha kile namwombea dua mpaka leo, maana elimu yangu yote ya baada ya darasa la nne niliipatia hapo. Mtu akikaa mezani na njaa husema yaliyo moyoni. Akishashiba husema uongo. Mimi nilisikia yote mawili, ya kabla ya wali na ya baada ya wali.

Kila Ijumaa baada ya sala Bwana Seif alikula na rafiki yake Karimbhai, Mhindi wa Mombasa mwenye duka la vitambaa Kenton, mtu mnene, mcheshi, anayejua kulimaliza pilau kwa mkono kuliko sisi wenyewe. Wa tatu alikuwa Nasri, mtoto wa marehemu kaka yake Bwana Seif, kijana wa miaka ishirini anayesomea uhandisi. Ami yake ndiye aliyemlea na ndiye aliyemsomesha, kwa hiyo mezani Nasri alikuwa na maneno mawili tu: "Naam, ami." Ukimwambia leo moto, naam. Ukimwambia leo baridi, naam. Jikoni kwangu ndiko alikosema kama binadamu, amekaa juu ya gunia la mchele, anaiba sambusa kabla hazijapoa.

Baridi ya mwaka ule ilipoanza ndipo walipoingiwa na wazimu wa helikopta. Kwamba Wazungu hufunga vibao miguuni wakateleza mlimani mpaka chini, hilo nilikuwa nimeliona kwenye televisheni, nikasema kila watu na utoto wao. Lakini hawa wetu walikuwa wameshachoshwa na milima yenye hoteli na viti vya waya vya kupandishia watu. Bwana Seif alikuwa amekwenda Uswisi mara tatu, akafundishwa na mwalimu ambaye kila akianguka humwambia "vizuri sana," basi akajiona simba wa theluji. Sasa alitaka Kanada, mahali ambapo helikopta inakubeba, inakushusha kileleni pasipo njia, pasipo nyumba, pasipo mtu, halafu inaondoka zake, na wewe unateleza kwenye theluji ambayo haijakanyagwa na kiumbe. Majuzi mjukuu wangu, huyu ambaye mimi nasema naye Kiswahili na yeye ananijibu Kiingereza, alinionyesha watu kama hao kwenye simu yake, wanapiga kelele za furaha. Mawazo yangu ni yale yale ya mwaka ule: kwetu mtu akikutupa mahali kama hapo unakwenda kumshitaki kwa sheha. Hawa wanaomba watupwe, tena wanakaa kitako kuchagua nani awatupe.

Na kule kuchagua ndiko kulikonitia dharau ambayo mpaka leo haijanitoka. Vijitabu vilikuja kwa posta, vya kampuni tatu, nikavipanga mezani kwa mkono wangu. Cha kwanza kilikuwa kinene, kinateleza kama samaki, kina picha ya birika kubwa la maji moto lililowekwa nje kwenye baridi, watu wazima wamekaa ndani mpaka shingoni, wekundu kama kamba waliochemshwa. Cha pili nacho kilikuwa kinateleza, kina helikopta nyeusi yenye mstari wa dhahabu. Cha tatu hata kijitabu hakikuwa. Zilikuwa karatasi nne zimepigwa pini, karatasi za kukwaruza kama za kufungia nyama, picha moja tu ndani: wanaume wawili wamechimba shimo kwenye theluji, mmoja amechutama humo anaubonyeza ukuta wa shimo kwa kiganja. Karimbhai akaishika kwa ncha za vidole. "Seifbhai, tazama, hawa wanachimba kaburi! Hii kampuni ya mazishi."

Wakaanza kupiga simu. Ilikuwa simu ya kipaza sauti, kila mtu anasikia, na Kiingereza changu kilikuwa cha sokoni lakini kilinitosha. Wa karatasi za nyama alijibu mwenyewe, sauti ya mtu mzima, anasema polepole kama anayehesabu ngazi. Akauliza kila mmoja wao ana kilo ngapi. Akauliza wameteleza miaka mingapi, na je, kwenye theluji iliyoshindiliwa kwa mashine au ile ya kuzama mpaka mapajani. Akasema kuna siku helikopta hairuki kabisa. Pengine watakaa siku tatu nne wakitazama dirishani, na hilo lazima walikubali kabla hajawaandika. Mwisho akauliza, "Na katika nyinyi, dhaifu ni nani?"

"Hapana dhaifu," akasema Bwana Seif.

"Huwa yupo," yule mzee akajibu. "Nitajie jina lake, maana sote tutakwenda mwendo wake."

Bwana Seif aliikata simu kwa kidole kimoja, kama mtu anayeondoa nzi kwenye maziwa. "Umesikia, Karim? Mgeni hata hajafika keshaulizwa uzito! Mimi ng'ombe wa Idi?"

"Na siku nne utazame dirisha," akasema Karimbhai. "Dirisha hata Kenton liko. Njoo utazame bure."

"Mwenyeji gani huyu? Anakwambia karibu, lakini huenda nisikupe chakula."

Sasa hapo mjue watu wetu tulivyo. Kwetu mwenyeji hasemi "hakuna." Mgeni akibisha hodi na jiko limezimwa, utasema karibu, chakula tayari, halafu unapenya mlango wa nyuma kwenda kuazima kwa jirani. Ndiyo heshima yetu, na mimi sina ugomvi nayo, nimelelewa nayo. Lakini Bwana Seif, na safari zake zote, na suti zake zote, aliichukua heshima ya ukumbini akaipeleka mlimani. Akampima mtu wa mlima kwa ukarimu wake, kama anachagua nyumba ya kufikia Idi. Kwa kampuni ya pili alijibu binti mwenye sauti ya asali. Nyama ya halali? Ndiyo bwana. Chumba kinachotazama mlima? Ndiyo bwana. Na huyu kijana wetu hajateleza sana? Hakuna taabu bwana, tunachukua watu wa kila namna. Hali ya hewa? Hakuna taabu. Binti mwenyewe hakuuliza hata swali moja. Bwana Seif akaegemea kiti, akafumba macho. "Huyu," akasema, "kalelewa."

Mimi nyuma ya kidirisha nilikuwa nakaanga vitunguu, na roho yangu iliruka mpaka kwenye mashamba ya karafuu. Mkarafuu una hiana. Tawi lake halipindi wala halilii, linakatika tu. Tulikuwa na nokoa mmoja, msimamizi wa wachumaji, akiitwa Mzee Faki, mtu mchungu kama shubiri. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi alishika kila mti kwa kiganja, akaubonyeza, akanusa, akasema, "Leo hapandi mtu." Watu wana watoto nyumbani, karafuu zimeiva zinaanza kufunguka, na yeye anasema hapandi mtu. Walimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika. Kijana mpya akija alimuuliza mbele ya watu: uliwahi kuanguka? Unaogopa? Shamba la pili msimamizi alikuwa mtu wa watu, chai asubuhi, mkate, "pandeni tu wanangu." Ya shamba lile nimeyaona kwa macho yangu, nilikuwa na miaka tisa, nimebeba pakacha. Kwa Mzee Faki hakuanguka mtu. Basi nilipoona picha ile ya shimo, na kiganja cha yule Mzungu ukutani, nilimjua. Sikuhitaji kujua theluji.

Siku ya pili yake Nasri alikuja jikoni, hakuiba sambusa. Akakaa juu ya gunia lake.

"Da Riziki, mimi sijui."

"Hujui nini?"

"Kuteleza. Nimejifunza mara nne, kusini huko, kwenye kilima cha plastiki. Wameweka brashi chini, unashuka kama unapigishwa mswaki. Theluji yenyewe sijaikanyaga isipokuwa ya kituo cha basi."

Nikacheka, kisha nikaacha. "Ami yako anasema unajua."

"Aliniuliza mbele ya wageni, unajua, Nasri? Nikasema naam. Sasa keshawaambia watu wote, mpaka Maskati."

"Mwambie hujui, basi. Neno moja."

"Nimwambie vipi? Aonekane muongo kwa ajili yangu? Yeye ndiye baba yangu." Akaitazama mikono yake. "Ningeomba waichague ile ya mazishi. Yule mzee angeniuliza mwenyewe, halafu angenikataza yeye. Hapo si mimi niliyesema."

Ndivyo mambo yalivyokuwa. Karibu miaka ishirini na moja ya mtoto wa watu, miguu miwili, shingo moja, vimetundikwa kwenye uchaguzi wa vijitabu. Ikichaguliwa kampuni ya maswali, atakatazwa na atabaki salama na heshima yake. Ikichaguliwa ya asali, atapandishwa. Na wenye kuchagua walikuwa wanaume wawili ambao mmoja alitaka helikopta ya mstari wa dhahabu na mwengine, Karimbhai, alikuwa hataki ila lile birika la maji moto kwa ajili ya magoti yake. Walibishana Ijumaa mbili. Ijumaa ya tatu Bwana Seif akasema wapige kura, na kwa kuwa kura ya vitu viwili haipendezi, watie na ile ya mazishi ziwe tatu. "Mwiteni Riziki. Mkono wa asiyesoma hauna hila."

Nikaja na sinia la haluwa, nikaliweka. Wakanifunga macho kwa mtandio wangu mwenyewe, Bwana Seif akavichanganya vijitabu mezani, akasema nipige bismillahi nichague. Nikapiga bismillahi. Nikanyosha mkono. Kwanza kitu kinachoteleza. Nikapita. Tena kinachoteleza. Nikapita. Kisha karatasi ya kukwaruza. Nikaikamata.

"Hiyo ya kujaribia," akasema Bwana Seif haraka. "Kura ni ya pili."

Wakachanganya. Nikaleta karatasi ya kukwaruza.

"Kura ni ya tatu," akasema. Hapo nilisikia Karimbhai ameacha kutafuna. Wakanikazia mtandio mpaka masikio yakauma. Wakachanganya mara nyingi, nasikia vinavyosuguana kwenye kioo. Nikaleta karatasi ya kukwaruza.

Nilijua kuwa Nasri anatazama, na nikajiona mkubwa. Halafu Karimbhai, mfanyabiashara wa vitambaa, ambaye riziki yake ni kupapasa, akanyosha mkono akaigusa ile karatasi, akagusa na vile vingine. "Arre!" akapiga kelele. "Anapapasa! Anaijua kwa vidole! Seifbhai, mpishi wako ametuibia kura!" Akacheka mpaka kiti kikalia.

Bwana Seif hakucheka. Nilipofunua macho alikuwa ananitazama kama ananiona mara ya kwanza, na si kwa wema. "Kwa nini?"

Nikamwambia. Nikamweleza Mzee Faki, mikarafuu, mvua, kiganja. Nilisema vizuri, na mimi nikianza sijui kukatiza. Karimbhai akafuta machozi ya kucheka. "Tunakwenda Kanada au tunakwenda kuchuma karafuu?" Kile kicheko kikanipanda kichwani. Hapa nasema kweli, kwa sababu nimewasema wenzangu vya kutosha: ningeweza kukomea pale. Ningeweza kungoja Karimbhai aondoke, nikamwambia Bwana Seif peke yake, nikimpigia pasi kanzu. Lakini nilitaka wanyamaze wote kwa pamoja, nitazamwe. Nikasema, "Na yule mzee aliuliza dhaifu ni nani. Yupo. Nasri hajui kuteleza, na anaogopa."

Wakanyamaza. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaonja utamu.

Bwana Seif akamgeukia Nasri. Hakumuuliza "ni kweli?" Alimuuliza, "Unaogopa?"

Rangi ilimtoka Nasri, kisha ikarudi yote. "Siogopi, ami. Na kuteleza najua. Huyu Da Riziki hajui anachokisema."

"Naam," akasema Bwana Seif. Alasiri ile ile akampigia simu yule binti wa asali, na mimi niliambiwa nirudi jikoni nikaosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha. Nasri hakukaa tena juu ya gunia la mchele. Wiki tano mpaka safari, akitaka maji alikuja, akajaza glasi, akatoka, ananipita kama mtu anavyoipita nguzo ya barabarani.

Siku waliyopandishwa ilikuwa baada ya mvua ya theluji ya siku mbili, iliyomalizikia na joto. Haya nilikuja kuyasikia kidirishani. Wale wa asali waliwapandisha saa tatu asubuhi, kwa sababu wageni wameshalipa na wageni wasivunjwe moyo. Theluji ilikuwa nzito kama wali uliolowa. Bwana Seif alishuka akianguka na kuinuka. Karimbhai alishuka kwa makalio, na hilo yeye mwenyewe alilisimulia kwa fahari. Nasri alikwenda kama mita mia, kibao kimoja kikazama, mwili ukaendelea, mguu ukabaki. Paja lilivunjika pahala pawili. Mawingu yakashuka, helikopta ikashindwa kurudi mpaka alasiri, na muda wote huo walikaa naye wamemfunika majaketi yao, na Karimbhai anasema hakulia hata mara moja, alikuwa anasema "naam, ami, naam, ami," kila akiulizwa kama anaweza kuvumilia.

Walimrudisha London na vyuma mguuni. Hawezi tena kukunja goti lile sawasawa. Tangu hapo anasali kitini. Na mimi nilidhani, mjinga mimi, kwamba sasa nitaombwa radhi. Kumbe nilikuwa sijawajua. Karimbhai hana kifua cha kuweka neno. Kenton nzima ilikuwa imeshasikia habari ya mpishi aliyeijua kampuni kwa vidole. Mjini ikawa, "Mpishi wake alimwambia." Ikafika Maskati. Nasri kuvunjika ilikuwa kudra ya Mungu, hilo watu walilikubali, lakini mpishi kumwambia haikuwa kudra, ilikuwa aibu ya Bwana Seif. Asubuhi moja aliniita sebuleni, hakuniambia nikae. Akasema Ijumaa watakuja watu, na kahawa nitaleta mimi, na nitasema mbele yao kuwa sikujua lolote, nilibahatisha. Nikisema, mambo yamekwisha. Nisiposema, ataniandikia barua nzuri ya kazi na Jumamosi niondoke.

Nilikuwa nimeshapanga jibu, na lilikuwa na meno. Lakini kabla sijalitoa nikapeleka uji chumbani kwa Nasri, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kura akaniambia kitu.

"Sema, Da Riziki."

"Niseme nini? Mguu huo hapo, unasema wenyewe."

"Ukisema ulijua, basi na mimi nilijua. Nilijua nikapanda." Alikuwa anautazama uji, hautii mdomoni. "Mimi siwezi kuwa mtu wa namna hiyo mpaka nife. Sema ulibahatisha."

Ijumaa walikuja tisa. Waliketi mpaka kwenye zulia langu jeupe. Nasri aliletwa akalazwa kwenye kochi, mguu juu ya mto, amevaa kanzu ya sikukuu. Nikaingia na mdila wa kahawa na finjani, nikaanza na mkubwa wao. Bwana Seif akasema kwa sauti ya utani, "Ati Riziki, wewe siku ile ulijuaje?"

Niliwatazama wote. Wanaume tisa na biashara zao, na ndevu zao, wanamngoja mpishi wa darasa la nne awaambie kwamba hawakukosea. Katika maisha yangu sijawahi kuwadharau watu kama nilivyowadharau wale dakika ile.

"Nilibahatisha tu, bwana," nikasema. "Mimi ntajua wapi mambo ya theluji?"

Wakashusha pumzi. Mmoja akasema kweli, mwanamke wa shamba atajua wapi, na Karimbhai akasema si alisema yeye tangu mwanzo, na haluwa ikaanza kuzunguka. Nasri alifumba macho. Bwana Seif akaninyoshea finjani yake nimwongeze, hakunitazama, nami nikamwongeza, nikaijaza mpaka pale anapopapenda.